Nilivyopanga marejesho ya madeni yangu Uingereza

Ninaishi Reading, nafanya kazi katika kituo cha kulelea wazee, na kwa miaka kadhaa sasa nalipa madeni yangu kupitia mpango ambao wenyeji huuita DMP, yaani mpango wa kusimamia madeni. Naandika kwa ajili ya Waswahili wenzangu walioko nchi hii, kwa sababu tukikutana tunazungumza kila kitu: viza, viwanja vya Kigamboni, shule za watoto, bei ya tiketi za Desemba. Madeni hatuyagusi. Mtu anakaa na wewe sinia moja ya pilau, simu yake ameizima mlio kwa sababu wadai wanapiga, na wewe hujui.

Madeni yangu yalifika pauni 11,400. Kadi moja ya mkopo ilikuwa na 4,800, ya pili 3,100, ovadrafti ya benki (fedha nilizotumia zaidi ya zilizokuwamo kwenye akaunti) 1,500, mkopo mdogo 1,100, na kampuni inayouza vitu kwa katalogi ilinidai 900. Baba alifariki Tanga, na tiketi ya ndege ya ghafla pamoja na gharama za msiba vikaingia kwenye kadi. Baadaye mama akafanyiwa upasuaji. Kisha wakala aliyekuwa akinipangia zamu akapunguza saa zangu, mshahara ukashuka, na kadi ikawa ndiyo inayonunua chakula kila inapofika wiki ya mwisho wa mwezi.

Ukiwa na kadi, mkopeshaji anakuomba ulipe kiwango cha chini tu, nawe unajiona uko salama kwa kuwa hujawahi kuchelewa. Lakini piga hesabu. Deni la pauni 4,800 kwa riba ya asilimia 25 kwa mwaka linazaa takriban pauni 100 za riba kila mwezi. Ukilipa 110, deni limepungua kwa pauni kumi. Mimi nilikuwa nalipa viwango vya chini sehemu zote, jumla inakaribia pauni 400 kwa mwezi, halafu narudi kukopa kwenye kadi zilezile ili nile. Kwa mtindo huo mtu anaweza kulipa miaka ishirini, hajachelewa hata mara moja, na bado anadaiwa.

Mwaka 2021 nikapiga simu StepChange. Ni shirika la hisani la ushauri wa madeni, lilianza mwaka 1993, na halimtozi mteja hata senti. Sehemu kubwa ya fedha zake hutoka kwa wakopeshaji wenyewe, ambao nao wananufaika mtu akilipa kwa utaratibu. PayPlan nao wanatoa mpango kama huo bila malipo, na kwa ushauri wa bure kuna National Debtline na Citizens Advice. Nayataja majina haya kwa makusudi, maana kuna kampuni zinazotoza ada ya kila mwezi kwa kazi hiyohiyo, na sehemu ya rejesho lako inaishia mifukoni mwao kabla haijamfikia mdai. Moja ilinipigia yenyewe, sauti tamu, ikaniahidi mambo makubwa. Anayekusimamia madeni nchi hii anapaswa kuwa na kibali cha FCA, mamlaka inayosimamia huduma za fedha, na jina lake unaweza kulitafuta kwenye orodha yao. Hata mwenye kibali, muulize kwanza: unatoza kiasi gani?

Simu ile ilikuwa ndefu, na sehemu kubwa yake haikuwa kuhusu madeni. Ilikuwa kuhusu maisha yangu. Dada aliyepokea alianza na kipato, kisha akashuka mstari kwa mstari: kodi ya chumba, basi la kwenda kazini, chakula, simu, sabuni, miwani, daktari wa meno. Nilipotaja pauni 130 za chakula akanyamaza kidogo, akaniuliza, "Kwa mwezi mzima? Unakula nini?" Nikamwambia ukweli: ugali, maharage, chai, na mabaki ya jikoni kazini. Akaandika 220. Akaniuliza viatu vya kazini navinunua mara ngapi, maana mtu anayesimama zamu yenye urefu wa saa kumi na mbili viatu vinaisha. Akaniuliza nywele. Sikutarajia mtu wa madeni aniulize nywele. Akanieleza kwamba bajeti ya kujinyima haifiki mbali: mtu anavumilia muda mfupi, kisha dharura moja inamrudisha kwenye kukopa, na mpango unavunjika.

Tukafika kwenye fedha za nyumbani. Nilitaka kuziruka, maana nilihisi nikisema natuma Tanzania ataniambia niache. Nikasema kwa sauti ya chini kwamba namtumia mama pauni 120 kila mwezi. Akauliza kama mama ana kipato kingine, na kama kiasi ni hichohicho kila mwezi. Nikamjibu hana, na kwamba ni hichohicho. Akaziandika, akaeleza pembeni kwamba ni matunzo ya mzazi. Alinionya kwamba mdai anaweza kuhoji mstari huo, kwa hiyo nitunze risiti za kutuma. Nilizitunza zote. Ndugu zangu, msifiche fedha za nyumbani kwenye bajeti hii. Ukizificha, bado utazituma, kwa sababu mama ni mama, na kila mwezi utakuwa pungufu kwa kiasi hicho bila mtu yeyote kuelewa kwa nini.

Fomu ya bajeti yenyewe ni ya pamoja, inatumiwa na washauri wengi na wakopeshaji wanaitambua, ndiyo maana hubishani na kila mdai kivyake. Inaruhusu hata akiba kidogo: asilimia 10 ya kinachobaki, isizidi pauni 20 kwa mwezi. Mwisho wa hesabu nilibakiwa na pauni 190. Hiyo ndiyo ikawa rejesho langu kwa wadai wote kwa pamoja.

Mgawanyo unafuata ukubwa wa deni. Kadi kubwa ikapata 80, ya pili 51 na senti zake, ovadrafti 25, mkopo 18, katalogi 15. Mimi natoa mara moja kwa mwezi, shirika linagawa. Ukigawanya 11,400 kwa 190 unapata miezi sitini, yaani miaka mitano. Hesabu hiyo ina sharti moja zito: riba isimame. Rudi kwenye ile kadi ya 4,800. Kama riba ingeendelea kuzaa pauni 100 huku mimi nalipa 80, ningekuwa naongeza deni huku najisifu kwamba nina mpango. Na sheria haimlazimishi mkopeshaji kusimamisha riba kwenye DMP. Ni makubaliano ya hiari. Wanne walikubali mapema. Mmoja alikataa, akaendelea kuongeza riba kwa miezi kadhaa hadi mshauri alipomwandikia tena na kuambatanisha bajeti. Akakubali. Wakati ule nilikosa usingizi.

Jambo lililonipa pumzi kabla mpango haujaanza ni Breathing Space, utaratibu wa serikali ulioanza Mei 2021 kwa England na Wales. Mshauri wa madeni anakuingiza humo, na kwa siku 60 wadai wanaohusika hawaruhusiwi kuongeza riba na ada wala kukufuata wakidai. Huwezi kujiingiza mwenyewe. Lazima upitie kwa mshauri. Simu zilinyamaza. Nilikuwa nimesahau namna ya kushika simu bila tumbo kukaza.

Kuna mambo mawili ambayo asiyeambiwa anaumia. La kwanza ni benki. Kama mshahara wako unaingia kwenye benki ileile inayokudai ovadrafti, mshahara unamezwa na deni siku unapoingia, na mpango unakufa kabla haujaanza. Nilifungua akaunti ya kawaida isiyo na ovadrafti kwenye benki nyingine, nikampa mwajiri namba mpya, nikasubiri mshahara mmoja uingie huko ndipo rejesho la kwanza likakatwa. La pili: DMP haibebi kila deni. Kodi ya nyumba, kodi ya halmashauri, gesi na umeme ni madeni ya kipaumbele, kwa sababu ukiyaacha unaweza kufukuzwa nyumba, kukatiwa huduma au kuletewa madalali wa mahakama mlangoni. Hayo yanalipwa kwanza, ndani ya bajeti, kabla kadi haijapata kitu. Mkopeshaji wa kadi ndiye anayepiga kelele zaidi, na kelele zake zinaweza kukufanya umlipe yeye ukaacha kodi ya nyumba. Usifanye hivyo.

Niliulizwa pia kama nataka njia nyingine. Kuna amri ya kusamehewa madeni, DRO, lakini wakati ule ilikuwa kwa mtu ambaye baada ya matumizi anabakiwa na pauni 75 au pungufu, mimi nilikuwa na 190. Kuna IVA, ambayo ni mkataba wa kisheria kati yako na wadai, wenye ada ndani yake. Wapo waliookolewa na njia hizo, na siwalaumu hata kidogo. Mimi moyo wangu ulikuwa kwenye kulipa. Kwetu maiti kabla haijaswaliwa watu hutangaziwa: mwenye kumdai marehemu ajitokeze kwa familia. Nilimsikia imamu akitangaza hivyo msibani kwa baba, na familia ikasimama kujibu. Nilitaka siku yangu ikifika wanangu wasiwe na la kujibu.

Gharama ya mpango ipo, tena si ndogo. Kwa kuwa unalipa pungufu ya mkataba wa awali, wakopeshaji hutuma notisi ya kushindwa kulipa, na rekodi yake hukaa kwenye taarifa zako za mikopo miaka sita. Miaka hiyo usitegemee kukopa nyumba wala kupata mkataba mzuri wa simu. Baadhi ya madeni yangu yaliuzwa kwa kampuni za ukusanyaji, zikaanza kuniandikia kwa majina nisiyoyajua. Kila barua niliipiga picha nikaituma kwa StepChange, wakamwelekezea mdai mpya fungu lake, na mambo yakaendelea.

Kazi iliyobaki ilikuwa nyumbani Tanga. Kundi letu la familia kwenye WhatsApp halipumziki: harusi, kitchen party, maulidi, paa la mjomba. Na dada wa Ulaya huandikiwa mchango wake kabla hajaulizwa. Nilimpigia mdogo wangu wa kiume, ambaye wazee wanamsikiliza, nikamsomea bajeti nzima kama ilivyo, kuanzia kodi ya chumba.

"Dada," akasema, "sisi huku tunajua mambo yako mteremko."

"Sasa umesikia."

Akakaa kimya, kisha akauliza, "Ya mama itaendelea?"

"Ya mama imo ndani ya mpango. Ya harusi haimo."

Akalibeba yeye. Sijui aliwaambia nini wazee, ila shangazi mmoja alininunia karibu mwaka mzima, na mama alinipigia kusema nipunguze hata ile yake. Sikuipunguza. Kama ningeufanya mpango huu kwa siri ya nyumbani, ungevunjika kwenye harusi ya kwanza, nina uhakika.

Mwaka 2022 bei zilipanda nchi nzima. Mwenye nyumba akaongeza kodi kwa sababu ya umeme, na chakula kikapanda nacho. Sikusubiri nishindwe. Niliomba bajeti ipitiwe upya na rejesho likashushwa hadi 150. Wadai waliarifiwa, hakuna aliyenipigia. Nilipopata ajira ya kudumu kituoni, nikaliongeza hadi 240 kwa hiari yangu. Mpango hupitiwa kila mwaka hata kama hujaomba, na hapo ndipo utaona faida ya kutunza hati za mshahara na risiti.

Katalogi, mkopo mdogo, ovadrafti na kadi ya pili, yote hayo yameisha. Deni moja likiisha, fungu lake linahamia kwa waliobaki, kwa hiyo mwendo unaongezeka kadiri unavyokaribia mwisho. Sasa imebaki kadi kubwa, ambayo ilishauzwa kwa kampuni ya ukusanyaji. Wameniandikia kwamba wako tayari kupokea pauni 600 kwa mkupuo badala ya 980 zilizobaki, na deni lifutwe. Mshauri alinieleza kwamba ni ofa halali, ila kwenye rekodi itaandikwa kwamba nimelipa sehemu, na kwamba nikiikubali nihakikishe barua ya makubaliano iko mkononi kabla ya kutoa fedha. Nimewajibu kwa barua kwamba nitalipa zote 980, kwa mpango uleule, kila tarehe 28 mshahara ukishaingia.