Tulivyowapata vijana wa kulima vihamba vilivyofungwa kufuli

Kwetu Uru, huku juu karibu na msitu wa Kilimanjaro, nyumba nzuri hazikosekani. Zinazokosekana ni taa za usiku. Wenyewe wako Dar, Arusha na Mwanza, wanapanda huku mlimani Desemba tu. Kuuza hawauzi, makaburi ya wazazi yako pale. Wakati huohuo vijana waliobaki hawana pa kulima, maana kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, kilienda kwa mkubwa na kitinda mimba, wa katikati wakaambiwa watafute maisha. Kahawa iliyotusomesha nayo bei iliporomoka baada ya mgao wa kimataifa wa mauzo ya kahawa kuvunjika mwaka 1989.

Nilipostaafu ualimu nikaanza kuwapigia simu wenye makufuli: mpe kijana alime. Hofu yao ilikuwa moja, tena ya haki. "Mangi, ukimruhusu mtu apande mgomba, umeshampa kihamba," rafiki yangu aliniambia.

Tukaandika karatasi fupi. Kijana analima maharage na mboga chini ya migomba iliyopo, haongezi mti wa kudumu. Anapogoa kahawa, mavuno wanagawana nusu kwa nusu. Ndizi anakula, ila Desemba mwenyewe akute mkungu. Mwenyekiti wa kitongoji na mzee wa ukoo wanasaini, kisha masale, mimea inayopandwa kuonyesha mpaka, yanapigwa picha. Picha hizo ziliwatuliza kuliko saini zote.

Kazi kubwa ilikuwa mfongo, yaani mfereji wa maji ya mashambani. Watu wakipungua, hakuna wa kuuzibua. Mchanga na majani vinaujaza, wa chini wanakosa maji, nao wanahama. Tukaomba walio mjini wachangie posho ya siku ya kazi kupitia kundi la ukoo la WhatsApp. Watu walewale wanaotuma rambirambi ndani ya dakika, hapa walikuwa wazito ajabu! Nikarekodi video maji yakipita mbele ya geti la mmoja wao, nikaituma bila maneno. Hela zikaanza kuingia.

Baadhi ya vijana wameacha bodaboda Moshi mjini wakapanda huku juu kulima, mmoja na mkewe. Huyo sasa anataka kupanda miche chotara ya kahawa, isiyoshikwa na ugonjwa wa chulebuni, na kwa kuwa kahawa ni mti wa kudumu, karatasi yetu ya misimu mitatu haimtoshi. Anaomba miaka kumi. Mwenye kihamba anasema mitano, mzee wa ukoo anasema saba. Bado tunavutana.