Kwani IC ilikukosea nini?

Jumapili, saa tano usiku. Nyumba nzima imelala, nimebaki mimi na swali la mjomba.

Aliliuliza Jumanne. Kigeuzi changu, cha kugeuza namba za CD ziwe sauti, kilikuwa wazi juu ya meza ya kulia (Mama Neema, nitaiondoa, nimesema), ile chip ya TDA1541A niliyoichomoa kwenye deki mbovu ya CD imekaa katikati kama bibi harusi. Nikamweleza kwa mbwembwe: chip hii inatoa mkondo, miliampea 4 tu toka chini hadi juu, lazima ugeuzwe uwe volti ndipo amplifaya ielewe. Wengine huweka opampu, IC moja (kidude kimoja chenye transista nyingi ndani), kazi kwisha. Mimi nimetumia transista mojamoja, BC550C. Nilipima arobaini kwa mita nikachagua zinazofanana.

Akavua miwani. "Sasa mjomba, kwani IC ilikukosea nini?"

"Hapana, ni kwa ajili ya sauti."

"Sauti ipi?"

Nikanyamaza. Angeuliza kwa kejeli ningecheka yakaisha. Mnamjua mjomba, kibanda chake cha redio pale Muheza kilisomesha watoto wanne. Aliuliza kama anayetaka kujua. Tangu hapo nimemjibu kwenye daladala, nimemjibu bafuni, nimemjibu katikati ya harusi ya Zuhura, na barua ya kuhamishiwa Kibaha nimeisaini nikiwa bado namjibu. Sauti ipi, kweli? Kigeuzi chenyewe kilikuwa hakijatoa hata mlio.

Kilikuwa kinanisumbua. Miguu ya chip inayotoa sauti haitaki kuachana na sifuri kwa zaidi ya milivolti 25. Nikiwasha, mita inasoma 4. Baada ya nusu saa, 38, na bado inapanda. Nikailaumu pawasaplai, nikabadilisha kapasita mbili bure.

Alhamisi mjomba akapita na kikombe chake cha chai, akagusa transista moja kwa kidole, kisha ya pili.

"Huyu wa moto, mwenzake wa baridi. Watapatanaje?"

Akaenda zake kusikiliza taarifa ya habari.

Moja inabeba volti 10 mgongoni. Ya pili nimeiunga kama dayodi, haina cha kuipasha. Na volti ya beisi, mguu wa kuiongozea transista, hushuka kama milivolti 2 kwa kila nyuzi moja ya joto, kwa hiyo tofauti yao ya joto ndiyo iliyokuwa ikiisukuma miguu ya chip mbali na sifuri. Nilizipima zote zikiwa baridi nikajiona fundi! Nikazigandisha bapa kwa bapa kwa gundi, nikazizungushia waya wa shaba. Jana, nusu saa: milivolti 9, na hapo hapo ikatulia.

Nikaweka CD ya taarabu. Mjomba hakusema kitu, ila fidla ilipoingia kandambili yake ikaanza kupiga sakafu. Niliitazama ile kandambili kuliko mita.

Leo asubuhi stendi jibu likaja lenyewe: ningeweka IC, ungeweka kidole wapi, mjomba? Nikaona haya. Nikamnunulia maji, basi likaondoka.

Halafu LUKU. Yuniti 50 za Jumatatu zimebaki 6. Mama Neema ameshakitazama kigeuzi kwa jicho lile, lakini kikiwaka wiki nzima usiku na mchana hakimalizi hata yuniti moja. Nahisi ni friji. Zamani ilikuwa inanguruma kidogo inapumzika. Nimekaa hapa tangu saa tatu, haijanyamaza.