Siku moja kwenye meza ya fundi kompyuta Kariakoo

Saa 11 na nusu alfajiri niko kituoni Mbagala, begi la bisibisi nimelikumbatia kifuani kwa sababu ya vibaka. Saa 2 nimeshafungua. Kufika saa 4 nimepiga Windows kompyuta mbili za steshenari, nimebadilisha pawasaplai moja na kupuliza vumbi kwenye laptopu ya mwanafunzi. Kazi hizo ndizo zinazolipa kodi ya fremu.

Saa 4 na dakika kumi akaingia mzee mmoja amebeba sipiyu iliyofungwa kwa kanga.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hii mashine imemeza CD yangu. Nataka CD tu, mashine sina haja nayo."

Nilipoiinamisha niifungue kanga, ndani ikalia kama kopo lenye kokoto. Mlio huo naujua. Nikamwambia, baba, hii siichomeki kwenye umeme. Tutaifungua ukiwa umekaa hapa, uone mwenyewe kila ninachotoa. Kufungua ni elfu tano. Akanuna, lakini akakaa.

Nikachomoa draivu, kile kisomeo cha CD, nikavaa miwani, nikafungua skrubu nne. Vipande vikamwagika juu ya gazeti.

"Umeivunja!"

Watu wote wa fremu za jirani waligeuka. Alisema ameleta CD nzima, kwamba sisi mafundi tunajulikana, kwamba nitailipa. Nilimwacha aseme mpaka mwisho, kisha nikamwonyesha kifuniko cha draivu kwa ndani: mikwaruzo imezunguka duara zima, na trei imepasuka. Mikono yangu na bisibisi haviwezi kuchora duara lile. Alama kama zile huachwa na kitu kilichopasuka kikiwa kinazunguka.

Hapa ndipo watu hawatuelewi. CD ni plastiki ya unene wa milimita 1.2 tu. Ilipobuniwa kwa muziki, ilizunguka kati ya mara 200 na 500 hivi kwa dakika. Draivu za kompyuta zilizoandikwa 52x, yaani husoma hadi mara 52 ya kasi ya muziki, huizungusha kama mara 10,000 kwa dakika, na ukingo wake unapita kwa zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Nguvu yote ya mzunguko huo huivuta plastiki kuelekea nje, na mkazo mkubwa kuliko wote uko kwenye mdomo wa tundu la katikati. Pale pale ndipo tunapozipasua wenyewe, kwa kuzing'oa kwenye kasha lenye meno magumu bila kubonyeza katikati. Ufa mwembamba kama unywele unatosha. Na hii ilibandikwa karatasi yenye picha ya maharusi, imekunjamana upande mmoja. Diski isiyo na mizania hutetemeka, na ufa unazidi kutembea.

Mzee hakukubali. Nikamwomba ampigie aliyeitumia mwisho. Mjukuu akapokea, na simu ilikuwa na sauti kubwa, tukasikia sote: "Babu, ilipiga paa! kama risasi, nikaogopa kukwambia." Alikuwa anainakili aiweke kwenye flashi, amshtukize babu yake.

Mzee alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema ni harusi ya binti yake ya mwaka 2004, na mama wa bibi harusi, mkewe, ameshatangulia mbele ya haki. Hana video nyingine ambayo sauti yake inasikika. Nikaitazama ile kanga.

"Basi gundi je? Gundi kali?"

Mistari ya data kwenye CD imeachana kwa sehemu 1.6 tu ukiigawa milimita moja mara elfu. Unywele mmoja unafunika zaidi ya mistari thelathini. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kuirudisha hiyo ikalingana. Nilimwambia hivyo mara tatu, kwa maneno matatu tofauti, na kila mara lilikuwa zito zaidi kutamka. Kazi ya fundi ni pamoja na kusema haiwezekani, na saa nzima ya kulisema hilo vizuri hailipiwi.

Niliendelea kupanga vipande juu ya gazeti mpaka duara likatimia. Lazima litimie. Kikikosekana kimoja, kimebaki ndani ya mashine, na kitakwenda kwenye feni. Kilikosekana kimoja kama ukucha. Nikakikuta chini ya lenzi.

Sijui ilikuwa saa ngapi alipokumbuka kwamba harusi ilikuwa CD mbili, ya kanisani na ya ukumbini. Ya pili ilikuwa mfukoni mwa koti muda wote ule! Nikaiinua kwenye mwanga: ufa wa milimita tatu kutoka tundu la katikati. Data huanza sentimita 2.5 kutoka kitovu, kwa hiyo bado ilikuwa salama, lakini kwenye draivu ya kasi kubwa ingekufa. Nikatumia laptopu yangu ya zamani, nikaifunga kasi kwa programu isivuke 4x. Dakika 75 za video huchukua kama dakika 19 hivi. Sikugusa kazi nyingine, sikula, mkono uko kwenye kitufe.

Ikaisha. Tukafungua faili. Mama mmoja wa vitenge akaingia ukumbini akipiga vigelegele, na mzee akashika ukingo wa meza.

Alilipa elfu tano ya kufungua, ya kunakili akaomba apunguziwe, nikampunguzia. Nikamwambia amtafute msimamizi wa harusi, huenda anayo ile ya kanisani.

Wateja wengine waliongojea wengi walishaondoka. Chakula cha mchana nimekila jua linazama.

Nikiwa nimesimama kwenye daladala, simu ikaita. Msimamizi yuko Morogoro, anayo CD ya kwanza, na vijana wanawasha kompyuta waijaribu.

"Baba, wasiiweke popote!" nilipiga kelele mpaka konda akageuka. "Waambie waizime sasa hivi. Iletwe hivyo hivyo ilivyo!"