Siku moja Guangzhou na mama wawili wa Kariakoo

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nimeshashuka kituo cha treni cha Xiaobei, mtaa wa hapa Guangzhou, kusini mwa China. Kazi yangu ni ukalimani. Siku nyingi nashinda maghalani nikipatana bei kwa Kichina kwa niaba ya wageni. Leo hakuna ghala. Mama wawili, ndugu wa tumbo moja, walimaliza jana kujaza kontena lao la mapazia, na kesho wanapanda ndege. Mkubwa amekuja hapa mara tisa. "Mwanangu," aliniambia juzi, "mji huu naujua kwa risiti tu." Liliniuma, maana nimeona wengi wa namna yake. Nikamwomba anipe siku moja.

Saa moja tunaanza na supu. Xiaobei chakula halali hakisumbui: tafuta kibao chenye neno qingzhen, mara nyingi pembeni yake pana Kiarabu. Ni migahawa ya Wahui na Wauyghur, makabila ya Waislamu wa China. Kijana anashika donge la unga, analivuta hadi mikono itanuke, analikunja, analipiga mezani, anavuta tena. Nyuzi mbili, nne, nane. Mkunjo wa saba zimefika 128. Zinaingia kwenye mchuzi wa mifupa ya ng'ombe wenye figili, giligilani na mafuta ya pilipili. Mama mdogo alilimaliza bakuli bila kusema neno.

Saa tatu tuko kwenye jumba la ukoo wa Chen, lililokamilika mwaka 1894. Tazameni juu, niliwaambia, msitazame milango. Paani pamejaa watu, ndege na majumba madogo ya udongo wa kuchoma, yaliyopakwa rangi.

Saa nne na nusu, kituo kimoja tu kwa treni, ndipo kazi yangu inapohitaji uangalifu. Guangzhou ni mji wa dim sum, vile vitafunio vya mvuke vinavyoletwa kwenye vikapu vya mianzi, na asubuhi wazee huvila pole pole wakinywa chai. Lakini hata kile cha kamba, chenye ngozi laini inayopitisha mwanga, kwa kawaida hutiwa vipande vya mafuta ya nguruwe. Mgahawa mmoja uliwahi kunihakikishia hakuna, mgeni wangu akala, kisha mpishi akatuambia kweli. Sijasahau uso wa mgeni yule. Tangu hapo wageni Waislamu nawapeleka kwenye migahawa ya Wabudha isiyopika nyama kabisa. Vikapu ni vile vile, ndani uyoga, karoti na machipukizi ya mianzi.

Nikawafundisha adabu za meza. Bakuli na vijiti husuuzwa kwanza kwa chai ya moto. Mtu akikumiminia chai, gonga meza kwa vidole viwili: ndiyo asante. Birika likiisha, acha kifuniko kimeinuliwa kidogo, mhudumu ataongeza maji. Mama mkubwa aligonga kila mara, hata nilipomsogezea kitambaa tu.

Adhuhuri tuliswali Msikiti wa Huaisheng. Mapokeo yanasema ulianzishwa na Saad ibn Abi Waqqas, sahaba wa Mtume, ingawa wanahistoria wanatia shaka. Mnara wake wa mita 36 ni mviringo, mweupe, hauna nakshi, na zamani uliongoza meli. Mama mkubwa aliweka kiganja ukutani, akauliza kama mabaharia wa pepo za kaskazi na kusi nao waliutazama. Nikamwambia mji huu ulikuwa na Waarabu na Waajemi wafanyabiashara tangu enzi ya Tang, wafalme wa China wa karne ya saba hadi ya kumi. "Kumbe wageni wa biashara si sisi wa kwanza," akasema, akakaa kimya muda mrefu.

Alasiri ilikuwa ya kupumzika, na bakuli la maziwa ya nyati yaliyogandishwa kwa ute wa yai. Ukilitikisa, utando wa juu unacheza.

Saa moja usiku tukapanda boti gati la Tianzi. Mto Lulu umejaa taa, madaraja yanapita juu ya vichwa vyetu, kisha unatokea ule Mnara wa Canton, mita 600, kiuno chembamba, ukibadilika rangi. Saa mbili hapa, Dar ni saa tisa alasiri na duka liko wazi. Mama mkubwa akapiga simu ya video, akaigeuza kuelekea mnarani. "Mwite na yule kijana wa mizigo," akamwambia bintiye, "naye aone."