Simbakubwa wa Meswa hakuwa simba

Mpwa wangu, aliyekuja kwetu Kisumu kwa likizo, aliniuliza: "Mjomba, dinosauri waliishi hata hapa?" Nilimjibu kwamba mifupa ya dinosauri iliyopatikana Kenya imetoka Turkana, na kwamba visukuku vya upande wa Koru na Muhoroni ni vya juzijuzi mno, kwani dinosauri walitoweka miaka milioni 66 iliyopita, ilhali visukuku hivyo ni vya miaka takriban milioni 20. Alinuna, ndipo nikamsimulia habari za mnyama wa Meswa Bridge, karibu na Muhoroni.

Mifupa yake ilichimbuliwa kati ya 1978 na 1980, ikapelekwa makumbusho ya Nairobi, na taya lile kubwa likakaa miaka mingi katika droo moja na mifupa ya fisi. Matthew Borths, mtafiti kutoka Marekani, aliifungua droo hiyo mwaka 2013, akashangaa. Mwaka 2019, yeye na Nancy Stevens walimpa mnyama huyo jina la Simbakubwa kutokaafrika. Mwalimu wangu wa Kiswahili angeidai ile "m" ya "mkubwa", lakini mimi nimesamehe.

Jina lisitupotoshe. Huyu hakuwa simba wala fisi, bali wa ukoo wa hienodonti, wanyama wa kale waliokula nyama, ukoo ambao haukuacha kizazi chochote. Ushahidi umo menoni. Mtazame paka anapotafuna kichwa cha ngege: huinamisha kichwa upande mmoja ili nyama ifike kwenye magego ya nyuma yanayokata kama mkasi. Paka na simba wana mkasi mmoja tu kila upande wa kinywa. Simbakubwa alikuwa nayo mitatu, mmoja nyuma ya mwingine. Tena makali ya meno hayo hayakuwa yamelika sana, na kwa hiyo watafiti wanaamini kwamba alikufa angali kijana.

Uzito wake ndio wenye utata. Kwa kuwa hana jamaa aliye hai wa kulinganishwa naye, watafiti walitumia vipimo vya meno na taya katika kanuni mbalimbali za hesabu, wakapata makadirio ya kuanzia kilo 280 hadi 1,500. Magazeti, kama kawaida yao, yalipenda ile namba ya juu. Mimi naiona ya chini kuwa inatosha kutisha, maana hata hiyo inampita simba dume wa kawaida.

Hapo hapo Meswa Bridge palipatikana pia mifupa ya Proconsul meswae, nyani wa kale asiye na mkia, wakiwemo watoto wachanga. Sijasoma popote kwamba Simbakubwa aliwala, lakini mpwa wangu amekwisha kuamua, na sasa anataka kujua kama Proconsul alipanda miti upesi.