Rangi za Udongo wa Petrified Forest

Wageni wengi wa kaskazini mwa Arizona, nchini Marekani, huelekea Grand Canyon, na hifadhi ya Petrified Forest iliyo karibu na mji mdogo wa Holbrook huipita kasi wakiwa kwenye barabara kuu. Naamini wanakosa mengi. Eneo hili lilianza kulindwa mwaka 1906 na kupandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1962, kwa sababu ya magogo ya kale yaliyogeuka mawe. Lakini kilichonivutia mimi zaidi ni udongo.

Njia ya miguu ya Blue Mesa inateremka kwa ukali hadi katikati ya vilima vilivyo karibu vitupu, vyenye mistari ya buluu, zambarau na kijivu, tabaka juu ya tabaka. Zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita, hapa palikuwa tambarare ya mito mikubwa, si mbali na ikweta ya wakati huo. Udongo uliokauka mara kwa mara na kupata hewa, chuma chake kilishika kutu, nao ukawa mwekundu. Ule uliokaa majini bila oksijeni ya kutosha ukabaki wa kijivu na buluu. Anayesimama bondeni, basi, anatazama historia ya maji yaliyojaa na kupungua, na akiendelea kaskazini hadi Painted Desert ataona wekundu ukitawala, hasa chini ya jua la alasiri. Mimea haishiki vizuri kwa kuwa majivu ya volkano yaliyomo yamegeuka mfinyanzi, ambao huvimba ukinyeshewa na kupasuka ukikauka.

Majivu hayohayo ndiyo yaliyohifadhi miti. Magogo yalifukiwa na tope la mito kabla hayajaoza, na silika, yaani madini yanayopatikana pia katika mchanga na kioo, iliyoyeyuka kutoka kwenye majivu ikapenya ndani yake na kugeuka fuwele, huku chuma kikizitia wekundu na manjano. Mengi yamekatika wima kana kwamba yamepitishwa msumeno, ingawa ni mwendo wa ardhi tu uliovunja jiwe gumu lisilopindika.

Kuokota hata kipande kidogo ni kosa kisheria. Wapo waliochukua, kisha wakavirudisha kwa posta pamoja na barua za kuomba radhi, lakini kwa kuwa mahali vilipotoka hapajulikani tena, wahifadhi hawawezi kuvirejesha vilikokuwa, na vimerundikwa kando ya barabara ya watumishi.