Siku Kumi za Danieli na Wenzake

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Danieli tunayemkumbuka wengi ni yule wa sura ya 6: mzee, madirisha wazi kukabili Yerusalemu, anapiga magoti mara tatu kila siku ingawa amri ya mfalme inamkataza. Wiki hii turudi sura ya 1, zaidi ya miaka 60 kabla ya hapo. Huko ni kijana aliyepelekwa ugenini Babeli, na wako wanne: yeye, Hanania, Mishaeli na Azaria. Aliazimu moyoni mwake asijitie unajisi kwa chakula cha mfalme, ndiyo, lakini alipofika kwa msimamizi aliwasemea wote: "Tujaribu sisi watumishi wako, nakusihi, siku kumi, na watupe mtama tule, na maji tunywe." (Mtama! Wazee wetu wa Lindi wangeuliza mfungo uko wapi hapo, kwa chakula walichokizoea.)

Siku kumi tu. Hakuahidi maisha yake yote.

Sisi tukipatana kwenye jumuiya kusali kila alfajiri, tunaahidi mwaka mzima: Rozari, sura tatu za Biblia, na mfungo wa Ijumaa juu yake. Oktoba inafika, korosho zinadondoka. Mtu anahamia shambani huko Tandahimba au Nachingwea, anaokota kabla jua halijawa kali, mchana ananyofoa korosho kwenye mabibo mpaka vidole vinanata, usiku analala jirani na magunia akisubiri kupeleka chama cha msingi cha ushirika. Sura tatu atazisoma saa ngapi? Akikosa wiki moja anaona aibu, akiona aibu anaanza kukwepa hata jumuiya yenyewe. Kilichomwangusha ni ukubwa wa ahadi, wala si uvivu.

Wenzetu wa Ndanda wanaijua kengele ya abasia, yaani monasteri ya watawa. Wabenediktini wapo pale tangu 1906. Kanuni wanayoifuata iliandikwa na Mtakatifu Benedikto karne ya 6, na sura yake ya 22 inawaagiza watawa wakiamka kwenda kusali wahimizane kwa upole, kwa sababu ya visingizio vya wenye usingizi. Hao ni watawa, jamani! Mtakatifu Benedikto hakuona ajabu kwamba aliyejitoa kwa Mungu bado anahitaji mtu wa kumwamsha, tena kwa upole.

Kwetu kengele hiyo inaweza kuwa bipu ya saa kumi na moja alfajiri. Unambipu mwenzako, naye akiamka anakubipu. Hakuna salio linalokatwa, hakuna maneno mengi. Shambani ambako mtandao haushiki, wa banda la jirani apite agonge.

Kuna jambo moja la tiki zile tunazoweka kwenye kundi la WhatsApp, "nimesali leo". Sizipendi sana. Bwana ametuonya katika Mathayo 6 tusifanye wema wetu machoni pa watu kusudi tutazamwe nao, na tiki hugeuka mashindano upesi: aliyesali anajionyesha, ambaye hakusali anaweka tu ili asionekane amebaki nyuma. Afadhali watu wawili au watatu wanaojuana hali kuliko kundi la watu mia la kuhesabiana. Mhubiri 4:10 inasema wakianguka, mmoja wao atamwinua mwenzake. Huwezi kumwinua mtu kwa kumtoa kwenye kundi. Nenda kwake, msaidie hata kuanika korosho zake, kisha salini pamoja mlipokaa.

Kwa hiyo wiki hii kila mmoja atafute wenzake wawili. Kuanzia Jumatatu, siku kumi, Zaburi ya 63 peke yake: "Ee Mungu, Mungu wangu, nitakutafuta mapema." Siku ya kumi na moja mkae muulizane kama mnaendelea, na aliyechoka aseme bila kusutwa. Wenye zamu ya usiku kwenye ubanguaji waseme mapema, ili bipu yao iwe ya jioni.